Kontrol boksi ya EJ20 yenye turbo: rimapu ya kiwandani, MegaSquirt, EMU Black au Link?

Kabla hujauliza bei ya boksi lolote (kompyuta ya injini) la EJ20, injini ya Subaru, inua zulia la miguu ya abiria, toa bamba lililo chini yake na uangalie gari lako limebeba nini. Impreza GC8 ya 1999, GDB ya 2003, Forester SG5 na Legacy BP5 mitaani zote zinaitwa Subaru ya turbo. Kwa mtu anayechagua kompyuta ya injini, hayo ni magari manne tofauti. Boksi linalofaa moja linaweza kulilaza jingine gereji mwezi mzima.

Tuanze na lile ambalo wauzaji hupenda kulirukia: boksi la kiwandani. Magari ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 huandikwa upya ramani (ndiyo rimapu) kupitia OBD, soketi ya uchunguzi wa gari, kwa kebo ya Tactrix OpenPort 2.0 na programu za EcuFlash na RomRaider, ambazo hazilipiwi. Kwenye GDB za mwanzo, soketi mbili za kijani zilizo chini ya dashibodi lazima ziunganishwe kwanza, la sivyo boksi halikubali kuandikwa. Kama lengo lako ni nguvu za farasi 280 hadi 320, turbo ni ile ile na kilichobadilishwa ni ekzosi tu, ishia hapo. Pesa inayobaki nunua wideband (sensa ya ekzosi inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta) na pampu nzuri ya mafuta.

Rimapu hiyo inahitajika hata kwa gari ambalo halijaguswa. Ramani ya gari la soko la Japani imepangwa kwa petroli yao ya oktani 100, na pampu zetu hazifiki huko. Sensa husikia injini ikigonga (mafuta yakilipuka ovyo silindani), boksi linachelewesha moto wa plagi, na kigezo kiitwacho IAM kinashuka. Kwenye maboksi ya biti 16 kinatakiwa kisimame kwenye 16, na kwenye mapya kwenye 1. Ukikuta 8 kwenye logi, ramani na mafuta unayoyalipia havielewani, na hakuna boksi la bei kubwa litakaloificha hali hiyo.

Boksi la kiwandani linaishiwa pumzi mahali panapojulikana. Sensa yake ya hewa, MAF, ikifika volti 5 haisomi zaidi: hewa inaongezeka, boksi halioni, mchanganyiko unakauka (mafuta yanakuwa machache kuliko hewa). Tatizo la pili ni ile "pssh" ambayo vijana wanaipenda. Blow-off, vali ya kupunguza hewa ya turbo, ikitoa hewa nje inamwaga hewa ambayo MAF imekwisha kuihesabu, kwa hiyo kila unapobadilisha gia mafuta yanazidi na ekzosi inatema moshi mweusi. Na GC8 haiandikwi upya kwa njia ya soketi kama zile zilizofuata. Ukiwa na GC8 na turbo kubwa, sasa ndiyo tuzungumze boksi jipya.

Ila kwanza, gia. Gari la otomatiki, hasa Legacy BP5 yenye gia tano, lina kompyuta ya gia inayozungumza na ya injini kwa CAN (nyaya za data). Ondoa moja na nyingine inabaki bila mwenzake: gia zinapiga, zinakwama kwenye hali ya dharura, na kumbe injini haina kosa lolote. Kwa otomatiki ushauri wetu ni mmoja: baki na boksi la kiwandani. BP5 pia ina throtoli ya umeme, na hilo peke yake linaondoa nusu ya maboksi ya bei nafuu kwenye orodha.

Kuhusu MegaSquirt na Speeduino, maboksi ya kujiundia, tuseme wazi. Speeduino imejengwa juu ya Arduino Mega 2560, ina njia nne za injekta na nne za moto, na inayajua meno ya kishafti (yanayoliambia boksi injini iko wapi kwenye mzunguko) ya Subaru za zamani, mpangilio wa 6/7, na ule wa baadaye wa 36-2-2-2. Kwa kujifunzia ni shule nzuri. Kwa gari linalopanda barabara ya vumbi kila wiki, bodi iliyochomelewa nyumbani ndani ya kikasha cha plastiki ni kujitafutia kazi. MegaSquirt ya toleo la MS2 ina njia mbili tu za injekta, kwa hiyo injekta zinafunguka kwa makundi, si kwa zamu. Injekta za cc 1000 kwa dakika zinazofunguka hivyo hufanya mzigo hafifu uwe mgumu kutulizwa. MS3 ikiwa na kadi ya MS3X inapeleka injekta kwa zamu hadi silinda nane, na TunerStudio ni programu ambayo fundi anaizoea kwa siku chache. Lakini MS3 ya kawaida inahitaji moduli ya ziada ili isikie injini ikigonga, na throtoli ya umeme haiiendeshi yenyewe. Kwa EJ iliyopandishwa busti (mgandamizo wa turbo), kutosikia kugonga si kasoro ndogo. Kingo za pistoni za EJ25, ndugu mkubwa wa EJ20, hasa huvunjika kwa kugonga, na haziombi ruhusa.

EMU Black ya ECUMaster, kutoka Poland, ndiyo tunayoipa alama za juu kwa thamani ya pesa. Njia sita za injekta na sita za moto, throtoli moja ya umeme, njia mbili za kusikiliza kugonga, sensa ya mgandamizo ndani ya boksi, na kidhibiti cha wideband kinachopokea sensa ya Bosch LSU 4.9 moja kwa moja. Ukihesabu kwamba kwingine wideband inanunuliwa kando, pengo la bei linabadilika sura. Kasoro yake ni kwamba ni boksi la kufungia waya. Lazima fundi wako ajenge waringi au aunganishe adapta, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Link G4X ya kuchomeka, WRXLink, inatoka New Zealand na inaingia kwenye soketi ile ile ya kiwandani. Hakuna waya unaokatwa, na siku ya kuuza gari unarudisha boksi la zamani kwa nusu saa. Ndani ina sensa ya mgandamizo na nyingine ya hewa ya nje. Agiza toleo la mwaka wa gari lako hasa, maana soketi hutofautiana kati ya vizazi. Wideband haimo, kwa hiyo panga bajeti ya moduli ya CAN. Kwa GC8 au GDB ya gia za mkono, yenye mmiliki asiyetaka waringi kuguswa, hii ndiyo chaguo letu ingawa si rahisi mfukoni.

Haltech ni boksi zuri pia, na uamuzi kati yake na Link usiufanye kwa kusoma vipeperushi. Ufanye kwa kuuliza mwenye daino (mashine ya kupimia nguvu za gari) anatumia programu ipi kila siku. MoTeC M1 ni ya timu ya mbio. Leseni za baadhi ya vitu kama kumbukumbu za data hulipiwa kando, na kwa pesa ya M150 moja unapata EMU Black, injekta na siku nzima ya daino.

Sasa jambo ambalo miongozo ya Ulaya hailigusi sana. Mombasa mgandamizo wa hewa ni kPa (kilopaskali) 101. Nairobi, kwenye mita 1,700 na ushee, ni takriban 82. Gari lililopimwa pwani kwa kufuata pembe ya throtoli pekee litapanda likiwa na mafuta yaliyozidi kwa zaidi ya moja ya tano. Ukitumia mgandamizo wa manifoldi, kosa linapungua hadi asilimia chache, na linageukia upande mbaya: nje kukiwa na hewa nyepesi ekzosi inatoka kirahisi, silinda inajaza zaidi kwa kPa zile zile, mchanganyiko unakauka. Ndiyo maana sensa ya pili ya hewa ya nje ni ya lazima. MegaSquirt ikipangwa kusoma hewa wakati wa kuwasha tu, ukiwasha Mombasa na usizime hadi Athi River, bado inaamini iko baharini.

Busti nayo ina hesabu yake. Ukiliamuru boksi lifike kPa 170 kamili, pwani turbo inazidisha hewa mara 1.7, lakini Nairobi ni mara 2.1. Turbo ndogo ya TD04 itazunguka kupita kiasi na kupuliza hewa ya moto tupu. Weka jedwali linalopunguza lengo la busti kufuatana na hewa ya nje. Fundi asiyejua kuliweka hajui milima yetu.

Kwa injekta, kadiria hivi: farasi 300 kwa silinda nne, injekta zisifunguke zaidi ya asilimia 85, zinahitajika cc 550 kila moja kwa mgandamizo wa baa 3. Farasi 400 ni karibu cc 750. Nunua zenye jedwali la muda wa kuchelewa kufunguka kwa kila volteji. Bila hilo, feni ikiwaka na volteji ikishuka, mzigo hafifu unayumba na fundi ataanza kulaumu boksi.

Siku ya kufunga, usikubali gari liendeshwe kabla ya mambo haya. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, sensa ya mgandamizo isome hewa ya mji ulipo: 82 hivi Nairobi, si 100. Moto ufungwe kwenye digrii 10, kisha taa ya taimingi imulikwe injini ikiwa taratibu na tena kwenye mizunguko 4,000. Alama ikihama, mara nyingi waya mbili za sensa ya kishafti zimebadilishana, au boksi linasoma ukingo usio sahihi wa jino. Gari litawaka, litatembea, kisha litakatakata juu ya 5,000 na watu watabadilisha koili bure. Ethi (waya za ardhi) za sensa zirudi kwenye boksi, za nguvu ziende kwenye bloku, na zisikutane njiani. Mpira wa kPa utoke manifoldi peke yake, usigawane na blow-off.

Sensa ya joto la hewa iwe ya aina iliyo wazi na ikae kwenye bomba baada ya intercooler (kipoza hewa ya turbo). Ikifungwa kwenye manifoldi ya alumini, foleni ya Thika Road inaipasha, inadhani hewa ni ya tanuri, inapunguza mafuta, na ukikanyaga mchanganyiko uko mkavu. Sensa ya LSU nayo isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme. Itakufa ndani ya muda mfupi.

Kwenye busti lenga lambda (kipimo cha mchanganyiko, chini ya 1 mafuta yanazidi) 0.78 hadi 0.82. Kichujio cha sauti ya kugonga kwa EJ20, yenye silinda ya milimita 92, kianzie kilohezi 6.2, kwa EJ25 ya 99.5 ni 5.8. Hata hivyo fundi avae masikio ya kusikilizia bloku, maana vali na pistoni zilizolegea nazo hupiga kelele. Weka kikomo cha busti, kikomo cha lambda kavu na cha oili kabla ya kutafuta farasi wa mwisho.

Kuwasha asubuhi hakupangwi siku ya daino. Kunahitaji asubuhi tatu nne za injini baridi, na anayeishi Limuru atahitaji namba tofauti na wa Tanga, kwa hiyo kubalianeni kurudi bila malipo mapya. Na kabla hujamaliza kulipa, chukua faili la ramani, nenosiri lake na logi ya mzunguko wa mwisho. Wapo wanaofunga ramani kwa nenosiri wasilolitoa, na ukihamia mji mwingine unaanza upya kwenye boksi lako mwenyewe.