Uzoefu wangu: hoteli ya miamba, dola 35 zilizopotea, na Bonsai

Niseme kwanza pesa ilipokwenda, asiyetaka kusoma yote aishie hapa. Nililipa dola 35 kwa huduma moja ya mtandaoni inayojigamba kwamba hubadilisha modeli yoyote ya jengo kuwa faili la kurenda, yaani la kutengenezea picha zinazofanana na halisi. Nikaambulia takataka. Kazi ileile nikaja kuifanya bure kwa Bonsai, ile plagini (programu ya nyongeza) ya Blender, programu ya bure ya 3D, iliyokuwa ikiitwa BlenderBIM. Mimi si msanifu majengo, ni mtu wa kurenda tu. Nakaa Kirumba, Mwanza, nina laptopu ya ramu 16 na UPS (betri ya akiba) iliyochoka.

Modeli ilikuwa ya hoteli ya ghorofa nne, vyumba 84, kando ya ziwa upande wa Nyegezi. Msanifu yuko Dar, aliichora kwenye Revit, programu ya wasanifu. Mpima ardhi naye alirusha droni juu ya kiwanja akaleta miamba yote ilivyo, kwa sababu mwenye mali alishasema hakuna jiwe litakalopasuliwa. Anayeijua Mwanza hatashangaa: nyumba huku hupenyezwa kati ya mawe.

Faili nililipandisha usiku, bando la usiku ndilo naliweza. Asubuhi nikakuta OBJ, aina ya faili linalobeba umbo tu, ya giga 2.3. Nilichemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe, bado linafunguka. Lilipofunguka hoteli nzima ilikuwa kitu kimoja: kuta, vioo, vitasa, masinki, vitanda, vyote vimeyeyushwa pamoja kwa rangi ya kijivu. Ukitaka kioo kiwe kioo, na ukuta nao unageuka kioo.

Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni kuta zinazotazama kaskazini. Ukuta wa sentimita 20 ama umelala bapa kama karatasi, ama umevimba mita nzima. Fremu za madirisha zimejikunja kama bati lililokanyagwa. Nikawaandikia wenye huduma, wakajibu kwamba modeli yangu ndiyo yenye kasoro. Nikampigia msanifu: “Kaka, hebu niangalizie, kwako kuta ziko sawa?” Akanitumia picha ya skrini. Ziko sawa, mstari kwa mstari.

Nilihangaika siku nzima kabla ya kubofya pointi moja na kusoma namba zake. Modeli ilitolewa kwa koordineti za upimaji, yaani namba za mahali halisi kiwanja kilipo duniani. Mwanza iko kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita, na kusini mwa ikweta hesabu hiyo huipa ikweta mita 10,000,000, kisha namba hupungua kadiri unavyoshuka. Kiwanja chetu kinaangukia kwenye 9,715,000 hivi kwa kaskazini na 489,000 kwa mashariki. Blender, kama programu nyingi za kurenda, hutunza kila pointi kwa namba ya biti 32, yenye tarakimu saba hivi za kuaminika. Namba ikishavuka 8,388,608, hatua ndogo kabisa inayobaki kati ya namba na namba ni mita moja. Yaani ukuta wangu wa sentimita 20 ulikuwa unaambiwa uchague: sifuri au mita. Upande wa mashariki hatua ni sentimita 3 tu, ndiyo maana kuta za huko zilipona kidogo. Rafiki yangu anayerenda Kampala hajawahi kuliona tatizo hili kwa ukubwa huo. Wao wako kaskazini mwa ikweta, kaskazini yao inaanzia sifuri.

Basi nikamwomba msanifu anitolee IFC. Huu ni muundo wa wazi unaosimamiwa na buildingSMART, na ni kiwango cha ISO 16739. Uzuri wake ni kwamba haubebi umbo peke yake, unabeba na jina: huu ni ukuta, huu ni mlango, hii ni ghorofa ya pili. Faili lilikuja na mega 190. Siri ni kwamba kitanda kinaandikwa mara moja, kisha kinaelekezwa kwenye vyumba vyote 84. Ile OBJ ilikuwa imekichonga upya kila mara. Bonsai ilipolifungua iligundua yenyewe kwamba namba ziko mbali mno, ikalisogeza jengo karibu na sifuri na kuweka kumbukumbu ya ilichopunguza. Kuta zikasimama. Nikachagua vioo vyote kwa mpigo mmoja, nikavipa uangavu, ukuta haukuguswa. Nilitabasamu peke yangu chumbani.

Si kwamba hakuna usumbufu. Tekscha, yaani picha za sura ya mbao au vigae, hazikuja hata moja, rangi tupu tu. Kupaka mbao, vigae na plasta kulinila siku mbili. Skrini imejaa vitufe vya wasanifu ambavyo mtu wa kurenda havimhusu. Na ufunguaji wa mara ya kwanza ni mrefu: umeme ulikatika katikati, UPS ikaanza kulia, nikaketi naitazama laptopu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Likishafunguka, lihifadhi papo hapo kama faili la kawaida la Blender uendelee na hilo.

Miamba ni habari nyingine. Hiyo sikuipitisha kwenye IFC. Peke yake ilikuwa na pembetatu milioni 11 (vile vipande vidogo vinavyounda umbo), jengo halifiki milioni 2. Nayo ilikuja na koordineti zilezile ndefu, na lazima uzipunguze kabla haijaingia Blender, maana ikishaingia ule mkunjo haunyooki tena. Nilitumia CloudCompare, programu ya kushughulikia data za upimaji kama hizi za droni, nayo ni ya bure. Ukifungua faili lenye namba kubwa inakuuliza yenyewe kama ipunguze. Niliipa namba zilezile ambazo Bonsai ilipunguza. Mara ya kwanza nikaandika 490,000 badala ya 489,000, miamba yote ikahamia kilomita moja magharibi, ziwani, na samaki. Tangu hapo namba mbili hizo nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya skrini. Mawe ya mbali niliyapunguza yakabaki na sehemu moja ya kumi ya pembetatu, ya karibu na bwawa la kuogelea nikayaacha kamili. Mstari wa mita 60 kutoka majini, ule wa Sheria ya Mazingira ya 2004, nao ukaonekana vizuri kwenye picha ya juu, na jengo liko nyuma yake.

Bonsai naipa nyota nne. Ile huduma nyingine sina nyota ya kuipa.

Ijumaa tukampelekea mwenye mali picha. Akavaa miwani, akaipita hoteli yote, kidole kikatua kwenye jiwe lililo kando ya bwawa. “Mwanangu, hili ndilo mama alikuwa akianikia dagaa.” Kisha akaniomba niuondoe mwavuli niliousimamisha juu yake.