Waliniambia tatizo ni mguu wangu wa kushoto

Nilijiambia nisubiri hasira zitulie ndipo niandike. Hazijatulia, kwa hiyo naandika nazo.

Hii ni tathmini yangu ya gari nililonunua, na mwisho nitaweka nyota. Ukubwa wa injini, linakula mafuta kiasi gani, buti linameza masanduku mangapi, hayo kila mtu atayatafuta mwenyewe. Mimi nina mambo mawili tu ya kusema. La kwanza ni gari lililojifunga breki lenyewe barabara kuu, mbele hakuna kitu. La pili ni kijana wa mapokezi wa kituo cha huduma, cha hao hao walioniuzia gari, aliyenitazama usoni akaniambia mbovu ni mimi.

Nimeendesha manuali, gari la klachi na gia za mkono, tangu nipate leseni. Nimeendesha hadi pikapu ya mizigo ambayo gia yake ya pili ilikuwa inaingia kwa kubembelezwa. Nikahamia otomatiki, ambayo haina klachi, kwa sababu ya goti la kushoto, maana ukishinda kwenye foleni unakanyaga klachi na kuachia, kukanyaga na kuachia, jioni goti linakuuliza unamtafuta nani. Hili nililonunua lina kila kitu: linakurudisha kwenye mstari, linamfuata aliye mbele, linafunga breki likiona utagonga. Muuzaji aliimba sifa hizo zote siku ile na mimi nikamwamini. Kwa miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Nilikuwa naringa nalo, niseme ukweli.

Kisha jiwe likaruka kutoka kwenye tairi la lori, kioo cha mbele kikapata ufa, na ufa ukatembea hadi upande wa dereva. Nikalipeleka kwao. Sikwenda kwa fundi wa pembeni kwa kuwa siku ya kununua waliniapisha kwamba likiguswa na mtu mwingine, dhamana imekufa. Wakabadilisha kioo vizuri, hakivuji, hakina mawimbi. Nikapewa funguo na risiti, nikaagwa kwa adabu. Kuhusu kamera hakuna aliyefungua mdomo.

Kamera yenyewe imekaa pale juu katikati, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, imeshikana na kioo cha mbele. Kwenye gari hili ndiyo macho yote: mistari ya barabara, gari la mbele, mtu anayevuka, vibao vya mwendo. Kioo kikitolewa, nayo imetolewa. Ikirudishwa lazima ifundishwe upya mbele ni wapi. Hayo ninayajua leo. Siku ile nilijua nimebadilishiwa kioo tu.

Haikuchukua muda nikaanza kuhisi usukani una mkono wa pili. Niko katikati kabisa ya njia yangu, unanivuta kulia. Naurudisha, unatulia, unavuta tena. Na mlio juu yake, na ile alama ya mistari miwili inawaka njano kwenye dashibodi ikinituhumu kwamba natoka njiani. Nikapima upepo wa matairi, uko sawa. Nikaliacha usukani kidogo kwenye sehemu iliyonyooka nikiwa nimezima kile kidude cha kunirudisha kwenye mstari, likaenda limenyooka. Kwa hiyo si magurudumu. Kuna mtu humu ndani anaona barabara nyingine.

Halafu ikaja siku yenyewe. Mchana kweupe, barabara imepinda taratibu, mbele yangu hakuna gari karibu. Kushoto, nje kabisa ya lami, kuna lori bovu limeegeshwa na matawi yamewekwa nyuma yake. Nililiona tangu mbali na halikunihusu. Ghafla dashibodi nzima ikawa nyekundu, mlio mkali, mkanda ukanibana kifuani, na breki zikashika. Sikuzikanyaga mimi. Mkoba uliokuwa kiti cha abiria ukaruka chini, kila kilichokuwamo kikamwagika. Nikasikia honi ya basi nyuma yangu, ile honi ndefu ya mtu ambaye hana pa kwenda, nikatupa jicho kwenye kioo nikaona grili ya basi tu, kioo kizima. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zote, ndipo likaachia. Basi likanipita ubavuni, na dereva wake akaniambia maneno ambayo sikuyasikia lakini niliyaelewa yote.

Nikaenda pembeni, nikakaa mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kutoka pale nikaenda kwao moja kwa moja.

Kijana alikuwa na kishikwambi mkononi. Hata sijamaliza kueleza akaniuliza, "Mama, kabla ya hili ulikuwa unaendesha gari gani?"

Nikamwambia manuali.

Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo limeniandikisha haya yote. "Aaah. Sasa mama yangu, hizi gari za kisasa zinataka kuzoewa pole pole. Mguu wako wa kushoto bado unatafuta klachi. Ukikandamiza, unakutana na breki."

Nikamuuliza kama mguu wangu wa kushoto ndio pia uliowasha dashibodi nyekundu na kukaza mkanda. Akasema watachomeka mashine. Wakachomeka, mashine haikuleta kosa lolote. "Umeona mama? Gari ni zima kabisa." Hakutoka nje kulitazama. Hakuuliza limefanyiwa nini karibuni, na kazi ya kioo ilikuwa imo humo humo ndani ya kishikwambi alichoshika. Wateja wawili kwenye makochi walikuwa wanasikiliza, mmoja akatikisa kichwa kunihurumia. Hakuna kitu kilichoniudhi siku hiyo kama ile huruma.

Hebu tuongee kuhusu huo mguu. Mtu aliyetoka manuali akichanganya miguu, huchanganya anaposimama au anapoondoka, kwa sababu ndipo klachi inapotafutwa. Mimi nilikuwa kwenye D, ile gia ya otomatiki ya kwenda mbele, mwendo wa barabara kuu, mguu wa kushoto umelala kwenye kipumzikio chake. Pale klachi ya nini? Hata kwenye manuali, ukiwa umeshaingia gia ya tano na barabara imenyooka, klachi huigusi. Anayedhani tunaikanyaga muda wote hajawahi kuendesha manuali, na nitaweka dau kwamba yeye hajawahi.

Na hiyo "kisasa" anayonitishia nayo. General Motors walikuwa wanauza gia za otomatiki, Hydra-Matic, kwenye magari yao ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Volvo waliweka breki ya kujifunga yenyewe kwenye gari lao la XC60 mwaka 2008. Haya si mambo yaliyoshuka juzi kutoka mbinguni yakamkuta mwanamke wa manuali hajui afanye nini. Ni vyombo vya kazi, vina namna yake ya kufungwa, na aliyevifunga vibaya yupo.

Tena ni hiyo manuali iliyonifanya nijue mapema kwamba kuna kitu. Ukiendesha miaka bila msaada, unaingiza gia kwa kusikiliza injini, unajua gari likivuta, likilegea, likikudanganya. Nilihisi ule mvuto wa usukani kabla ya siku ya basi. Mtu aliyeanzia kwenye gari linalojishikia usukani angedhani ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa nyuma, kijana pia, ovaroli limejaa grisi. Nilikuwa nimeshaingia garini niondoke. Akasogea akauliza, "Mama, hiki kioo ni kipya?" Nikasema ndiyo. Akainama akachungulia pale juu, akauliza usukani unanivuta upande gani. Kulia. Na lilipofunga breki, kulikuwa na kitu upande gani? Lori, kushoto. Akacheka kidogo. "Kamera haijasetiwa. Inaangalia kushoto, inadhani ndiyo mbele. Kwa hiyo kila kitu inakiona kimesogea kulia. Njia yako inaiona kulia, ndiyo maana inakuvuta. Na lile lori la nje ya lami imeliona limekaa njiani kwako."

Dakika moja. Hakuchomeka mashine yoyote. Nikamuuliza mbona mashine ilisema hakuna kosa. Akasema mashine inasoma kosa la umeme. Kamera ni nzima, waya ni mzima, picha inaingia safi, ila uso umegeuka. Nikaja kupiga hesabu nyumbani: kamera ikipinda digrii moja tu, mita 100 mbele imekosea kwa karibu mita 1.7. Njia ya barabara kuu ina upana wa mita tatu na ushee. Hiyo ni nusu ya njia nzima, na digrii moja huwezi kuiona kwa macho hata ukishika rula.

Kuiseti nako nilikutazama kwa makusudi, nilikataa kukaa kwenye makochi yao. Gari likawekwa kwenye sakafu tambarare, upepo ukapimwa upya, vitu vikatolewa kwenye buti lisiinuke pua. Mbele likasimamishiwa ubao wenye michoro ya nyeusi na nyeupe, umbali ukapimwa kutoka katikati ya gari kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona gereji. Mashine ikahesabu. Kisha yule fundi akalitoa barabarani palipo na mistari inayoonekana, akaliendesha mpaka kamera ikakubali. Kazi ya asubuhi moja. Kwa kukosa kazi hiyo, ambayo ilipaswa kufanywa siku ya kioo, nilikuwa nusura nizikwe na basi.

Sasa hapa naomba nilitendee haki gari lenyewe, maana nilikuja kuandika nyota moja. Tangu lisetiwe, halijanivuta tena, halijanishtua. Juzi kwenye foleni ndefu nililiacha lifuate gari la mbele, likasimama, likaondoka, likasimama, miguu yangu yote miwili imepumzika, na nikafika nyumbani nikapanda ngazi bila kushika goti. Hicho manuali haiwezi kukupa. Zipo manuali zenye mfumo wa kufuata gari la mbele, ila mwendo ukishuka sana unakurudishia kazi, kwa sababu hauwezi kukukanyagia klachi, na ile breki ya dharura inayojifunga yenyewe ikilisimamisha gari ghafla hujakanyaga klachi, injini inazima hapo hapo katikati ya barabara. Ndiyo sababu moja kubwa manuali zinapotea, hata kama tunazipenda. Kwa hiyo nikawa nimefika nyota nne moyoni. Nne kabisa.

Ndipo wakaniletea bili.

Ya kuseti kamera. Wamenitoza. Kijana yule yule, kishikwambi kile kile, ananielekeza mahali pa kusaini, ananieleza kwamba kalibresheni ni "huduma ya ziada ambayo mteja hakuiomba wakati wa kioo." Mteja hakuiomba! Mteja angeombaje kitu asichoambiwa kipo? Ukimpeleka mgonjwa kutolewa jino, unaomba pia wamfunge damu? Nikalipa kwa sababu funguo zilikuwa upande wake wa kaunta. Mguu wa kushoto hakuutaja tena, wala neno pole halikumtoka.

Na hawa ndio tunaachiwa mikononi mwao. Kwenye Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya lazima liwe na breki hiyo ya dharura, kifaa cha kukurudisha njiani na kifaa cha kukuonya ukizidisha mwendo. Hicho cha mwendo ukikizima leo, ukiwasha gari kesho kimerudi. Marekani nao walitoa kanuni mwaka 2024 inayotaka breki hizo kwenye magari madogo mapya kufikia Septemba 2029. Magari hayo yatapasuka vioo kama langu lilivyopasuka. Atakayeyapokea mapokezi ni nani?

Kwa anayeniuliza anunue lipi: kama goti lako ni zima na unapita barabara ambazo mistari imefutika, ile manuali yako usiharakishe kuiuza, kwa sababu kamera bila mistari haina cha kusoma na nusu ya ulicholipia italala. Kama unaishi kwenye foleni, nunua otomatiki wala usisikilize wanaume wa gereji wanaosema si uendeshaji. Mteremko mrefu shusha kwenye L au gia ya chini, usiliachie D ukaning'inia kwenye breki mpaka zinuke. Na ukibadilisha kioo cha mbele, au ukigongwa bampa kwenye gari lenye rada pale mbele, au ukibadilishiwa springi likapanda au kushuka, usiondoke bila karatasi inayoonyesha kamera imesetiwa, lini na nani. Wakikwambia haihitajiki, waombe waandike hivyo na wasaini.

Nimewaandikia malalamiko. Radhi haijaja. Kilichokuja ni ujumbe wa simu kunikumbusha sevisi inayofuata, na nitaenda, kwa kuwa dhamana imenifunga kwao, na nitasema mlangoni kwamba gari langu analigusa yule fundi wa nyuma tu. Naweka nyota mbili. Jana usiku nilikuwa nimeweka tatu.