Kozi ya Mtandaoni ya Shakespeare na Mageuzi ya Dini: Uzoefu Wangu

Nafundisha fasihi sekondari, na kila nikifika kwa Shakespeare nilikuwa naeleza msuko na wahusika, basi. Kozi hii ya fasihi ya Uingereza ya karne ya 16 na 17 imenipa cha kuongeza. Nimeridhika nayo, ingawa kuna mahali imeniudhi.

Uzuri wake ni kwamba mhadhiri haishii kutuambia dini ilibadilika, Uingereza ikatoka Ukatoliki kwenda Uprotestanti, na waandishi nao wakabadilika. Anakushika mkono hadi kwenye mistari. Somo lililonikamata ni la mzimu katika tamthilia ya Shakespeare ya Hamlet. Mfalme aliyeuawa anamtokea mwanawe, Hamlet, na kumwambia kwamba mchana amefungwa motoni mpaka dhambi zake ziungue zitakate. Mkatoliki yeyote ataijua hiyo ni toharani, mahali roho za marehemu hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Lakini tamthilia iliandikwa yapata mwaka 1600, na Kanisa la Uingereza lilikuwa limeshaikataa toharani katika kanuni zake za imani za 1563. Hata mali zilizowekwa wakfu ili marehemu waombewe misa zilitwaliwa kwa sheria ya 1547. Sasa huyu baba katoka wapi? Na Hamlet mwenyewe amesoma Wittenberg, mji wa Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti! Ndiyo maana anasita: Waprotestanti walifundishwa kwamba kinachokutokea hivyo huenda ni shetani tu, na Hamlet anaitamka hofu hiyo waziwazi. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kijana huyu ni mzito wa kuamua. Kumbe ana swali la kidini ambalo watazamaji wake nao walikuwa nalo.

Kingine ni sheria ya 1606 iliyotoza faini ya pauni 10 kwa kulitaja ovyo jina la Mungu jukwaani. Tunawekewa matoleo mawili ya Othello, tamthilia nyingine ya Shakespeare, la 1622 na la 1623. Katika la kwanza, Iago, yule mhusika mwovu, anafungua kinywa kwa kuapa kwa damu ya Mungu. Katika la pili, sentensi ni ileile, kiapo hakipo. Nilisimamisha video nikalinganisha mwenyewe.

Somo la mshairi John Donne nalo ni zuri: alizaliwa katika familia ya Kikatoliki, mdogo wake akafia gerezani 1593 baada ya kukamatwa akimficha padri, naye Donne akaishia kuwa mkuu wa kanisa kuu la Kiprotestanti la St Paul's, London, kuanzia 1621.

Malalamiko yangu sasa. Michezo ya zamani ya Biblia, ile iliyochezwa na vyama vya mafundi mijini, imepewa sentensi moja, wakati kule York ilichezwa hadi 1569, Shakespeare akiwa mtoto. Hapo ndipo ningetaka somo zima. Mshairi John Milton amebanwa mwishoni: kutoka kufungwa kwa majumba ya maonyesho 1642 hadi utenzi wake Paradise Lost wa 1667 ni mbio tu. Halafu video zinakula bando, hakuna sauti peke yake ya kupakua, na cheti kinalipiwa kando.

Ukijiunga, soma kwanza walau sehemu ya kwanza ya Hamlet. Mhadhiri hasimulii hadithi, na asiyeisoma ataachwa njiani mapema.