HP Z440 ya mtumba kwa kazi nzito: tathmini baada ya mwaka mzima wa kuitumia nyumbani

Kazi yangu ni kuchora nyumba hapa Dar es Salaam, na kwa miaka michache sasa sikubali kumkabidhi mteja ramani kabla ya kukokotoa namna upepo utakavyopita ndani ya vyumba vyake, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Wateja wangu wengi hawawezi kuwasha kiyoyozi mchana kutwa, na dirisha likikosewa nafasi kwa hatua mbili tu, chumba cha watoto kinaweza kuwa tanuri kwa miaka thelathini ijayo. Hesabu hizo huzifanya kwa OpenFOAM, programu huria isiyolipiwa, ambayo hugawanya hewa ya nyumba nzima katika mamilioni ya seli ndogo na kukokotoa mwendo wa kila seli. Programu ni ya bure, lakini kompyuta ya kuiendesha si ya bure. Laptopu yangu yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 16 ilikuwa ikifanya kazi usiku kucha kwa nyumba ya vyumba vitatu, na nyumba ikiwa ya ghorofa ilikwama kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilinunua HP Z440, kompyuta ya mezani ya mtumba, kwa shilingi 850,000 katika duka moja la Kariakoo, nikaiboresha kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana. Tathmini hii inahusu kompyuta hiyo, pamoja na vile nilivyoifanya iwe.

HP iliitoa Z440 mwaka 2014 kwa ajili ya wahandisi na wahariri wa filamu, na kwa wakati huo ilikuwa kifaa cha gharama kubwa. Inabeba prosesa moja ya Intel ya familia ya Xeon E5, ina nafasi nane za RAM ya aina ya DDR4, na paua saplai yake, yaani kifaa kinachoigawia umeme, huwa ya wati 700, ingawa zipo zilizotoka na ya wati 525, kwa hiyo mnunuzi afungue ubavu na kusoma lebo kabla ya kulipa. Kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za aina hii kila baada ya miaka michache, si kwa sababu zimeharibika, bali kwa sababu muda wa mkataba au wa dhamana umekwisha, na ndiyo maana hufika kwetu zikiwa na uhai mrefu mbele yake. Kasha lake ni la chuma kizito na hufunguka bila bisibisi. Ndani hakuna nyaya zinazoning'inia ovyo, na sehemu za kushika wakati wa kuchomoa kitu zimepakwa rangi ya kijani. Fundi aliyeibuni alimfikiria mtu atakayeitengeneza, na jambo hilo nimelithamini kila mara nilipoifungua.

Sababu kubwa ya kuichagua ni RAM, na hapa naomba msomaji avumilie maelezo, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotezea fedha zao. Mtu akitaka kompyuta yenye nguvu, kwanza huuliza prosesa ni ya kizazi gani. Kwa michezo na kazi za ofisini swali hilo lina maana. Kwa hesabu kama zangu, prosesa hutumia muda mwingi ikisubiri namba zitoke kwenye RAM, na kinachoamua kasi ni upana wa njia kati ya viwili hivyo. Kompyuta nyingi za kawaida za mezani zina njia mbili za RAM. Zikiwekewa DDR4 ya kasi ya 3200, kiwango chao cha juu kinadharia ni gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Z440 ina njia nne. Ikiwekewa prosesa inayokubali kasi ya 2400, kiwango hicho hufikia gigabaiti 76.8 kwa sekunde. Kifaa cha zaidi ya miaka kumi kinakishinda cha juzi chenye DDR4 katika jambo hili moja, na kwangu ndilo jambo lenyewe.

Ili njia zote nne zifanye kazi, lazima kila njia iwe na kipande chake cha RAM. Yangu iliuzwa ikiwa na vipande viwili vya gigabaiti 8, maana yake nusu ya njia zilikuwa tupu, na muuzaji alinihakikishia kwa nia njema kwamba "gigabaiti ni gigabaiti". Nilifanya jaribio kwa nyumba ya ghorofa moja yenye seli milioni sita. Kwa vipande viwili hesabu ilimalizika baada ya takriban saa kumi na moja na nusu. Nilipoweka vipande vinne vya gigabaiti 16, bila kugusa kitu kingine chochote, nyumba ileile ilichukua saa saba na dakika chache. Sijawahi kununua kifaa kingine kilichonipa tofauti kubwa kiasi hicho kwa fedha kidogo namna hiyo.

RAM inayotumiwa na Z440 ni ya seva, ile iitwayo RDIMM, yenye uwezo wa kusahihisha makosa ya biti. Haikubali kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na kwa sababu hiyo wanunuzi wake wa mitumba ni wachache na bei yake kwa miaka kadhaa ilikuwa chini kuliko RAM ya kawaida. Usahihishaji wa makosa nao si pambo. Hesabu inayokwenda usiku kucha ikipotoshwa na biti moja saa tisa za usiku, naweza kuamka na jibu lililo batili bila dalili yoyote ya ubatili wake. Ni lazima niseme kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani kote kutokana na mahitaji ya vituo vya akili mnemba, na wimbi hilo limeifikia hata ya mtumba. Anayenunua sasa atafute kompyuta ambayo tayari ina vipande vinne, hata kama bei yake ya awali iko juu kidogo.

Prosesa iliyokuja nayo ilikuwa Xeon E5-1650 v3 (v3 ni toleo la tatu, v4 la nne), yenye viini sita, yaani sehemu sita zinazokokotoa kwa pamoja. Niliibadilisha kwa E5-2690 v4 ya mwaka 2016, yenye viini 14, niliyoiagiza kutoka China kwa chini ya shilingi 100,000 pamoja na usafiri. Ilipotoka kiwandani prosesa hiyo ilizidi dola 2,000 za Marekani. Hapa pana mtego ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua: Z440 za mwanzo zilitoka kabla ya prosesa za v4, na BIOS yao ya zamani, yaani programu ndogo ya kuwashia kompyuta, haizitambui. Tarehe ya BIOS huonekana kwenye ukurasa wake wa taarifa za mfumo. Ikiwa ni ya mwaka 2014, usitegemee v4 kabla ya kuthibitisha kwamba itakubalika. Niliomba dukani waiwashe mbele yangu, nikaisoma tarehe kabla ya kutoa fedha, na namshauri kila mtu afanye hivyo bila kuona haya.

Baada ya kubadilisha prosesa, jaribio lilelile la seli milioni sita lilishuka hadi chini kidogo ya saa tano. Msomaji ataona kwamba viini vimeongezeka zaidi ya mara mbili, lakini muda haukupungua kwa nusu. Kwa vipimo vyangu, baada ya kiini cha nane au cha kumi faida huwa ndogo sana, kwa kuwa njia za RAM zimekwisha kujaa. Anayebana matumizi zaidi anaweza kununua v4 yenye viini kumi na asipoteze mengi.

Nimeulizwa na wenzangu kwa nini nisinunue kompyuta ndogo nne za bei rahisi na kuziunganisha. Wazo hilo lina historia ya heshima: mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za prosesa za 486 na kupata mashine ya hesabu kubwa iliyoitwa Beowulf, na mfumo huo ukaenea duniani. Kwa kazi isiyohitaji kompyuta kuzungumza mara kwa mara ningeuchagua hata leo. Lakini katika hesabu za hewa kila seli huisikiliza jirani yake bila kupumzika, na waya wa mtandao wa gigabiti moja hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa makadirio ya juu kabisa, yaani zaidi ya mara mia sita chini ya RAM ya Z440. Kompyuta nne zingekaa zikisubiriana.

Kwa upande wa picha nimeweka kadi ya RTX 3060 yenye gigabaiti 12, ya mtumba pia, kwa ajili ya kumwonyesha mteja nyumba yake katika Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D. Inahitaji wati 170, na kwa kuwa paua saplai ya Z440 hutoa plagi mbili za pini sita badala ya moja ya pini nane, nilitumia adapta inayoziunganisha zote mbili. Inafanya kazi vizuri na sina zaidi la kusema juu yake.

Kasoro zipo, na mojawapo ni kubwa. Paua saplai na bodi mama (bodi kuu ambayo sehemu nyingine zote huunganishwa nayo) vimetengenezwa kwa vipimo vya HP peke yake: plagi kuu ina pini 18, wakati zile zinazouzwa madukani zina 24. Paua saplai ikifa huwezi kuvuka barabara na kununua nyingine. Mwenzangu mwenye kompyuta kama hii alisubiri wiki tano hadi ilipofika ya kuagizwa, na wiki tano bila kazi ni hasara inayozidi bei ya kompyuta yenyewe. Pia hakuna nafasi ya M.2 kwenye bodi mama, hivyo SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi, inahitaji kadi ndogo ya kuichomekea kwenye PCIe, nafasi za kadi za ziada. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi, na Windows 10 ilikoma kupewa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi natumia Linux, kwa hiyo halijaniumiza, lakini kwa anayetegemea programu za Windows pekee ni jambo zito. Isitoshe, kasi ya kiini kimoja kimoja ni ndogo kwa viwango vya sasa. Kuchora tu, ambako programu hutegemea kiini kimoja, kunakwenda upesi zaidi kwenye Core i5 ya kawaida ya mwaka 2022. Asiyefanya hesabu nzito asiinunue Z440 kwa sababu tu ya kusikia jina la Xeon.

Kuhusu umeme nimepima kwenye soketi kwa kifaa cha kupimia. Ikiwa imetulia hula takriban wati 80, na prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote hufika 210. Kwa ratiba yangu ya hesabu za usiku tano kwa wiki na uchoraji wa mchana, inanila karibu uniti 62 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ni takriban shilingi 22,000 za LUKU. Kukodi seva ya nje kungenidai dola kila mwezi, na juu yake bando la kupakua matokeo, kwa kuwa nyumba moja huweza kutoa mafaili ya gigabaiti 30. Nimeongeza UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, na OpenFOAM nimeielekeza ihifadhi hatua ya hesabu kila baada ya muda mfupi, hivyo umeme ukikatika usiku naendelea kutoka ilipoishia.

Duka lilinitendea haki katika mambo mengi: lilikubali niifungue, likanipa dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi. Hata hivyo, kompyuta ilifika nyumbani na vumbi la miaka ndani ya kipoza joto, na pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama udongo. Siku ya kwanza joto lilipanda hadi nyuzi 91. Baada ya kuisafisha na kupaka pesti mpya halikuvuka nyuzi 70, chumba kikiwa na joto letu la kawaida la Februari. Dakika ishirini za usafi wa fundi wa duka zingeondoa tatizo hilo lote, na kwa mtu asiyejua kusoma vipimo vya joto prosesa ingeendelea kuumia kimyakimya.

Jumla nimetumia kama shilingi 1,900,000, kadi ya picha na UPS zikiwamo. Nafasi nne za RAM bado ziko wazi, lakini fedha itakayofuata haitakwenda huko. Nimeshaagiza paua saplai ya akiba, ambayo itakaa kabatini ndani ya boksi lake hadi siku itakapohitajika.