WD-40 kwenye kishikio cha swichi kilichoganda: inasaidia, ila usiiachie kazi yote

Upepo wa chumvi wa Tanga hauna huruma na swichi za magari ya zamani. Kwenye Land Rover zile ambazo funguo huingia katikati ya kishikio cha taa, kutu ikishajaa pale nyuma, kishikio hakitoki kwa kuvuta tu.

Chomoa kwanza waya hasi wa betri, maana WD-40, dawa ya kopo ya kupuliza ili kulegeza kutu, inashika moto. Kisha zungusha kishikio taratibu huku ukimulika ubavuni. Ukiona kitundu, ndani kuna pini ya springi: ibonyeze kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, ndipo uvute. Ukiona skrubu ndogo, ilegeze. Wengi huvunja kishikio hapa, wanavuta wakati pini bado imeshika, halafu lawama zinaenda kwa kutu.

Kikigoma bado, puliza WD-40 kidogo kwa mrija wa kopo, nyuma ya kishikio. Ukimwaga, inateremka hadi kwenye kontakti za umeme ndani ya swichi na kukusanya vumbi. Acha nusu saa, tikisa kushoto na kulia, kisha pitisha kamba imara nyuma yake uvute moja kwa moja kuelekea kwako. Plaizi weka mbali, plastiki kuukuu inapasuka kama biskuti.

Kwa unyevu na kutu nyepesi, kopo hili ni zuri. Kutu nzito inataka mafuta maalumu ya kupenyeza, na uyaache usiku kucha. Ndani ya tundu la funguo tia unga wa grafiti. WD-40 humo hukauka mapema.