Wittgenstein Source na arXiv: za bure, ila usiende kichwa kichwa

Utafiti wangu una pande mbili ambazo watu wakisikia wanacheka, maandishi ya mwanafalsafa Wittgenstein huku, vipimo vya hatari vya kihesabu kule, yani zile fomula za kukadiria mkopo au uwekezaji unaweza kukutia hasara kiasi gani. Saiti ninazozitegemea ni hizi mbili na nazisifia kwa sababu ileile, zinakuonyesha kazi ikiwa bado jikoni.

Wittgenstein Source ni ya watu wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Wittgenstein mwenyewe alifariki 1951, kitabu cha falsafa alichokitoa akiwa hai ni kimoja tu, halafu kaacha kama kurasa 20,000 za madaftari na makaratasi. Vitabu vingine vilitoka baadaye kwa mikono ya wahariri, so ukisoma hivyo peke yake huoni alichokikata. Hapa unafungua picha ya ukurasa wenyewe pamoja na maandishi yake yaliyochapwa kwa namna mbili, moja imebakiza kila mkato na kila neno mbadala, nyingine imesafishwa usome vizuri. Mimi nakaa kwenye ile chafu. Unamkuta kaandika neno, kapiga mistari miwili ya mshazari, kaweka lingine, afu kaondoka bila kuamua lipi libaki! Mambo yake ya siri aliyaandika kwa alfabeti iliyopinduliwa, a ni z, b ni y. Shida ni Kijerumani, sehemu kubwa ndo hiyo lugha, na programu za kutafsiri zikikutana na sentensi iliyokatwa katwa zinakutungia tu.

Sasa arXiv, hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti. Ilianza 1991 kwa ajili ya wanafizikia, siku hizi ina sehemu ya hesabu za fedha na humo ndani kuna kona ya usimamizi wa hatari. Mijadala ya kule ni mitamu. Chukua VaR (Value at Risk), kipimo cha hasara ambacho mabenki yamekitumia miaka na miaka: una mikopo miwili isiyohusiana, kila mmoja una uwezekano wa asilimia 4 wa kutolipwa. VaR ya asilimia 95, yani inayopuuza asilimia 5 ya matokeo mabaya zaidi, inasema kila mmoja peke yake hasara ni sifuri. Iweke pamoja, uwezekano wa angalau mmoja kugoma unafika asilimia 7.84, umevuka 5, na ghafla hasara imetokea. Yani umegawanya mayai kwenye vikapu viwili unaambiwa hatari imepanda, we! Watafiti Artzner, Delbaen, Eber na Heath walilianika hilo 1999 wakaweka masharti manne ya kipimo chenye akili, na 2016 Kamati ya Basel, ile ya kimataifa ya kusimamia mabenki, ikaamua kutoka VaR ya asilimia 99 kwenda kwenye wastani wa hasara zilizoko mkiani, yani zile mbaya kabisa, kwa asilimia 97.5. Hapo wanahesabu wakaendelea kuvutana, na sehemu kubwa ya mvutano huo unaisoma arXiv bure, wakati majarida mengi ukibofya tu unaombwa hela.

Ila kumbuka makala za kule hazijapitiwa na wataalamu kabla ya kuwekwa, wasimamizi wanaangalia juu juu tu. Uzuri matoleo yote yanabaki, v1, v2, v3, na wakati mwingine mwandishi anakiri palepale kwamba uthibitisho wa kwanza ulikuwa na tundu. Kwa hiyo ukinukuu weka na namba ya toleo, maana theoremu ya 4 kwenye v1 unaweza kuikosa kabisa kwenye v3.