Spea za chasisi na bodi za Hilux ya zamani: zipi zinaingia, zipi uziache

Muuza spea za mtumba, awe Shaurimoyo Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, ana jibu moja kwa kila mteja: "Inaingia hiyo, bosi." Boneti ikigoma unapoteza nusu siku. Chasisi ikigoma, injini imeshashushwa, gari liko juu ya magogo na fundi anadai hela yake. Usinunue kwa macho wala kwa mwaka wa gari. Nunua kwa namba ya modeli na kwa futikamba.

Mfano wetu ni Hilux ya kizazi cha tano, ya 1988 hadi 1997, ambayo bado inabeba matofali na magunia kila kona ya Afrika Mashariki.

Anzia kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Andika kila kitu kilicho mbele ya MODEL, FRAME NO na TRANS/AXLE, kisha linganisha na namba iliyogongwa kwenye reli ya kulia ya chasisi, karibu na tairi la mbele. Herufi ya kwanza ya modeli ni familia ya injini: L ni dizeli, Y na R ni petroli. N ni Hilux. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazokuambia gari limesimama juu ya nini. LN85 inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na mbele ina toshenibaa, yaani fimbo za chuma zinazojinyonga badala ya springi. LN106 ni foo-wili yenye ekseli nzima na springi za majani hata mbele. Ukiziona kwa mbali utadhani ni mapacha, lakini sehemu ya mbele ya chasisi ya moja haina pa kufungia vyombo vya mwenzake. LN85 na YN85 zinakaribiana zaidi, ila kagua vishikio vya injini vilivyochomelewa kwenye reli, maana dizeli na petroli hazikai sawa.

Sasa machaguo, kuanzia la kwanza kwa ubora.

1. Gari zima la ajali, modeli ileile, lenye kadi. Linakula hela nyingi mwanzoni, lakini hakuna linaloshinda hili. Unapata vipande vilivyozoeana: kebini na bushi zake, ekseli na springi zake, nyaya na mabomba ya breki. Boliti ndogondogo zisizouzwa popote nazo unazipata humo. Chagua lililogongwa upande usiouhitaji.

2. Nosikati, yaani sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa, kutoka Japani. Usukani uko kulia kama wetu, kwa hiyo ukuta wa injini, pedali na sehemu ya kufungia stiaringi vinakubali. Uliza imekatwa wapi na kwa nini. Iliyokatwa kwa grenda ni bora kuliko ya gesi, kwa sababu moto wa gesi unaharibu chuma kilicho karibu na mkato. Kipande kizidi mahali utakapounga kwa angalau sentimita 30, ili fundi awe na chuma kizima cha kuchagulia. Usikubali mkato uliopita kwenye kishikio cha springi au cha kebini.

3. Mzigo wa Sharjah, yaani spea za mtumba kutoka Falme za Kiarabu. Hapa ndipo watu wanapoumia. Hilux za Ghuba zina usukani kushoto. Milango, boneti, bodi la nyuma na geti lake havina shida. Lakini kebini nzima itakuletea ukuta wenye matundu ya pedali upande mwingine na dashibodi isiyokaa. Chasisi nayo ina kishikio cha boksi la stiaringi kwenye reli ya kushoto. Kukihamisha kwa kuchomelea ni kuuweka usukani wako kwenye mkono wa mchomeleaji. Mtu akikwambia ni kazi ya saa mbili, mwache aifanye kwenye gari lake.

4. Chasisi tupu isiyo na historia. Ya mwisho, na mara nyingi si ya kununua kabisa. Imeshavuliwa kila kitu, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na hakuna anayejua ilitoka wapi. Namba ya chasisi ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kabla ya kutoa hela uliza TRA (Tanzania) au NTSA (Kenya) utaratibu wa kubadilisha. Kusaga namba au kugonga nyingine ni jinai.

Ukiwa uwanjani, beba futikamba ya mita 5, sumaku, nyundo ndogo, tochi na chaki. Pima kwanza kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. LN106 ni karibu milimita 2850. Kisha pima mishazari: kutoka tundu la boliti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 5, chasisi imepinda, na tairi zitaliwa upande hata uende wiloalaimenti mara ngapi. Gonga reli za chasisi kwa nyundo pale zinapopita juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi, ambako matope hukaa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna filla. Kwa gari la pwani, ingiza tochi kwenye matundu ya chasisi, kwa sababu chumvi inakula kutokea ndani.

Kebini ya singo haikai kwenye chasisi ya dabo. Vishikio viko mahali tofauti, na bodi la nyuma la dabo ni fupi. Kebini ya tuu-wili haina nafasi ya mkono wa gia ya foo-wili sakafuni, kwa hiyo kwa foo-wili utalazimika kukata bati.

Ekseli ya nyuma inahitaji vipimo vitatu: umbali kati ya vikalio vya springi, upana wa jani la springi, na matundu ya flenji ya propela. Hesabu pia nati za gurudumu, tano au sita. Halafu uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Inua gurudumu moja, jingine libaki chini, gia ikiwa huru. Zungusha lililo juu mara 2 kamili na hesabu mizunguko ya propela: ikizunguka mara 4 na kidogo ni 4.1 au 4.3, ikipita nne na nusu kidogo ni 4.556. Hesabu meno ukiweza: 41 kwa 10, 43 kwa 10, au 41 kwa 9. Kwenye foo-wili ekseli ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zikipishana, ukiingiza foo-wili kwenye lami kavu giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma inajikaza hadi inavunjika. Usisahau vali ya breki inayopima mzigo: mkono wake unafungwa kwenye ekseli, na ekseli isiyo na sehemu hiyo itakuacha na breki za nyuma zisizojua gari lina mzigo au ni tupu.

Risiti iandikwe namba ya modeli uliyoomba na maneno "ikigoma inarudi," pamoja na siku ya mwisho ya kurudisha. Weka alama ya chaki au rangi kwenye kipande ulichopima, upige picha ukiwa palepale, usije ukapakiwa kingine kinachofanana nacho.